Mpira wa Saa Kumi na Mbili

  

Jumamosi nilipita kwenye kibanda cha mpira kilicho nyuma ya stendi ya matatu hapa Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, nikamkuta kijana mwenye kibanda amechuchumaa mbele ya ubao wake. Ubao wenyewe ni kipande cha plaiwudi kilichopakwa rangi nyeusi, kona moja imeliwa na mvua. Ameandika kwa chaki mechi za siku, na chini kabisa kiingilio: 30 za Kenya au 1,000 za Uganda. Mkononi alikuwa na kitambaa kibichi, anafuta saa. Palipoandikwa saa kumi na moja akaandika saa kumi na mbili. Nikamuuliza, "Mwanangu, mbona unasogeza?" Akanijibu bila kugeuka, "Mzee, kule kwao baridi imeingia."

Wengi mnajua alichomaanisha, ingawa huenda hamjawahi kukaa mkakifikiria. Waingereza hubadilisha saa zao mara mbili kwa mwaka. Jumapili ya mwisho ya Machi huzisogeza mbele kwa saa moja, na Jumapili ya mwisho ya Oktoba huzirudisha nyuma. Desturi hiyo ilianza mwaka 1916, wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, na sababu yake ni mwanga. Mwezi wa Juni jua la London huzama baada ya saa tatu usiku. Mwezi wa Desemba huzama hata saa kumi jioni haijafika. Sisi saa zetu haziguswi. Busia iko kama nusu digrii tu kaskazini mwa ikweta, na jua letu, mwaka nenda mwaka rudi, hutua kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja. Kwa hiyo wao wakirudisha saa nyuma, mechi yao ya saa tisa alasiri inatufikia saa kumi na mbili jioni. Na zile za Ligi ya Mabingwa zilizokuwa zikianza saa nne usiku, sasa zinaanza saa tano.

Baridi ya Ulaya, basi, huingia mpakani kwa chaki.

Na saa moja hiyo si ndogo. Mechi ya saa kumi na moja ilikuwa inakwisha kabla ya saa moja, watu wanatoka bado wanaonana nyuso, anayekwenda Mundika anafika kwake bila kuwasha tochi. Mechi ya saa kumi na mbili inakwisha karibu saa mbili, giza limeshakaa. Mama anayeuza chapati mlangoni aliniambia yeye huisubiri Novemba kama mkulima anavyoisubiri mvua. Mtu akitoka kwenye mpira saa mbili usiku hakumbuki chai, anakumbuka njaa. Huko ng'ambo, Uganda, wanamwita kijana awakunjie chapati na mayai, ile wanayoiita roleksi, na hadi saa tatu bado jiko linawaka.

Vijana wa bodaboda nao wana hesabu yao. Saa kumi na moja ndipo wachuuzi wanarudi kutoka kila upande, magunia yanavuka, abiria ni wengi. Mpira ukianza wakati huo, mtu anachagua kati ya Arsenal na shilingi. Ukianza saa kumi na mbili, ameshapata ya unga. Nawakumbusha, kwa sababu vijana wengi hawalijui, kwamba neno lenyewe bodaboda ni la hapa hapa petu. Miaka ya 1960 na 1970 wenye baiskeli walikuwa wakivusha watu na mizigo kati ya kituo cha Kenya na cha Uganda, wakiita "boda, boda" kutoka mpaka hadi mpaka. Leo kuna kituo kimoja cha pamoja, kilichofunguliwa na marais wawili Februari 2018, na baiskeli zimekuwa pikipiki, lakini neno limetembea hadi Dar es Salaam. Nalionea fahari.

Sasa mtazame huyo kijana wa bodaboda alivyovaa. Hapa petu ni kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Usiku wa Julai joto hushuka hadi nyuzi 16 au 17, na mtu wa Eldoret akisikia tunaiita hiyo baridi anashangaa. Lakini apande pikipiki saa tano usiku, atoke Malaba aje Busia, nguo ina unyevu wa mvua ya jioni, ndipo atajua. Watu wa pwani msimu huo wa Juni hadi Agosti wanauita kipupwe. Sisi tunasema tu "baridi", tunatafuta koti.

Na koti linatoka huko huko unakotoka mpira. Wiki iliyopita nilishika moja kwenye rundo la mitumba, wenzetu wa Uganda wanaita mivumba. Jekundu, zito, limejazwa manyoya ya bata. Ndani ya kola lina kitambaa laini cha kuzuia shingo isikwaruzwe na zipu. Kwenye mkono wa kushoto lina kimfuko kidogo mno, hata simu haiingii. Muuzaji hakujua ni cha nini. Zipu yake bado ilikuwa na kipande cha uzi wa plastiki uliokatwa, na hapo nikaelewa: ni koti la mtu wa kuteleza kwenye theluji, kimfuko ni cha kadi ya kupandia mlimani, na uzi ule ulishikilia tiketi. Mtu fulani alilivaa mahali ambapo mti hauna hata jani, akalichoka, likafungwa kwenye robota, likavuka bahari. Sasa mwenye pikipiki wa Busia amelinunua kwa bei ya kuku wawili, na kila jioni ya mvua linamkinga kifua. Nililipenda koti lile. Lilikuwa limefanya kazi mara mbili, na kazi ya pili si ndogo kuliko ya kwanza.

Desemba ndipo mambo yanapogeuka kabisa. Kwetu ni kiangazi, vumbi limepanda hadi kwenye mabati, mahindi yameshavunwa, watoto wako likizo. Kwao ndio msimu wenye mechi nyingi kuliko mwingine wowote, na tarehe 26, siku ya pili ya Krismasi, ligi ya Uingereza inacheza huku nchi jirani nyingi zimepumzika. Ndani ya kibanda watu 80 wamebanana kwenye mabenchi, jasho linatiririka, na kwenye skrini wachezaji wanatoa mvuke mdomoni. Mtoto mmoja wa miaka sita hivi, aliyekuwa amekaa mapajani pa babake, aliuliza kwa sauti, "Baba, mbona wanavuta sigara wote?" Kibanda kizima kilicheka, lakini baba yake alimweleza vizuri, akapumulia kioo cha simu yake hadi kikapata ukungu, akamwonyesha. Nilimheshimu sana mtu yule.

Theluji yenyewe hatuijui. Mlima Elgon, ambao siku ya anga safi unaonekana ukiwa Tororo, kilele chake cha Wagagai ni mita 4,321, lakini hauna theluji ya kudumu kama Kilimanjaro au Rwenzori. Tunachokijua ni mvua ya mawe. Septemba 2008 karibu na Nyahururu mvua ya mawe ilifunika mashamba yakawa meupe, watu wakatoka nyumbani kushangaa, na wengi wakaamini ni theluji. Hapa kwetu mawe yakishuka watoto wanakimbia na bakuli, wakubwa wanahesabu migomba iliyochanika.

Lakini kama kuna kitu cha hali ya hewa ambacho dunia inaweza kuja kujifunza kwetu, ni ngurumo. Nataka tukae hapa kidogo.

Tororo imeandikwa kwenye vitabu vya rekodi. Katika miaka kumi kuanzia 1967 hadi 1976, wastani wa siku ambazo ngurumo ilisikika Tororo ulikuwa 251 kwa mwaka. Yaani katika kila siku tatu, mbili kulinguruma. Ni miji michache mno duniani inayotajwa kwa hesabu kama hiyo. Ukilitazama jabali la Tororo limesimama peke yake katikati ya nchi tambarare, unaweza kudhani ndilo linaloita radi. Lakini kazi kubwa zaidi inafanywa na Ziwa Victoria. Mchana nchi kavu hupata joto haraka kuliko maji, upepo unatoka ziwani unaingia bara umebeba mvuke, hewa iliyopashwa joto inapanda, na kufikia alasiri wingu limejijenga kama ukuta. Usiku mambo hugeuka, upepo unatoka nchi kavu kurudi ziwani, na dhoruba zinakwenda kuwakuta wavuvi alfajiri.

Ndiyo maana kwenye stendi za bodaboda, Busia hata Tororo, kuna mchezo ambao nimeukuta tangu ujana wangu: kuwekeana juu ya mvua. Asubuhi, mbingu bado buluu, mmoja anasema, "Leo saa nane haifiki." Mwingine anasema itafika saa tisa ikiwa kavu. Dau ni chai na mandazi mawili. Kisha kila mmoja anatazama dalili zake. Huyu anaangalia upande wa vilima vya Samia, yule anatazama siafu wanavyohama, mwingine ana utabiri kwenye simu. Wala tusidharau dalili. Kule Bunyore, katika kaunti ya Vihiga, ukoo wa Nganyi, unaojulikana tangu zamani kwa kusoma mvua, umekaa meza moja na Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya pamoja na wataalamu wa kituo cha hali ya hewa cha IGAD, wakalinganisha dalili za miti na wadudu na takwimu za mitambo, wakatoa utabiri wa pamoja. Ni jambo la heshima kwa pande zote mbili.

Sasa niwasimulie usiku mmoja wa Novemba, miaka michache iliyopita. Mke wangu ni wa Tororo. Kaka yake, shemeji yangu, alistaafu kiwanda cha saruji, na tangu nimwoe dada yake tumekuwa tukitaniana na kuwekeana juu ya mpira. Tulikuwa kwenye kibanda kimoja cha mtaani kwake. Nje, chini ya paa la nyasi, wazee walikuwa wamezunguka chungu cha malwa. Kwa asiyejua, malwa ni pombe ya wimbi, na jioni ya baridi hakuna kinachoishinda, kwa sababu inaongezwa maji ya moto kila mara, na kila mtu ana mrija wake mrefu unaofika chunguni akiwa amekaa kwenye kiti chake. Shemeji alikuwa ameniwekea chungu kizima. Arsenal wanaongoza bao moja, yeye anasema watashikilia hadi mwisho, mimi nikasema itakuwa sare. Pesa ya chungu ameishika mama muuza karanga, ndani ya mkebe wa Blue Band uliotobolewa kifuniko.

Dakika ya sabini na kitu, ngurumo ya kwanza. Ya pili ikaja karibu, mabati yakatetemeka. Mwenye kibanda, kijana mwembamba asiyesema sana, akatembea mpaka ukutani akang'oa waya wa umeme, kisha akatoka akachomoa waya wa dishi. Giza. Vijana wakapiga kelele, wengine walikuwa na tiketi za kampuni za kubeti mfukoni, wakamwambia arudishe. Mmoja akamshika shati. Akawaambia, "Televisheni naweza kununua nyingine. Mama zenu nitawaambia nini?"

Alikuwa na haki kabisa, na nataka wenye vibanda wote wanisikie. Juni 2011, kule Kiryandongo, Uganda, radi iliua wanafunzi 18 wa shule moja ya msingi. Agosti 2020, huko Arua, watoto waliokuwa wakicheza mpira walijikinga mvua chini ya paa la nyasi, radi ikawafuata humo humo. Mwembe haukingi. Banda la nyasi halikingi. Nguzo ya dishi juu ya paa la mabati ni mwaliko. Ukisikia ngurumo, mechi imekwisha, iwe ya uwanjani au ya kwenye skrini. Jengo imara au ndani ya gari lililofungwa madirisha, ndipo mahali pa mtu.

Usiku ule wazee waliacha chungu pale pale chini ya nyasi, sote tukakimbilia jengo la matofali lililokuwa jirani. Mtandao wa simu ulikuwa umelala. Tukakaa gizani na taa moja ya mafuta, kama watu 40, hakuna anayejua matokeo. Mama wa karanga akautikisa mkebe wake, chenga chenga, akasema, "Hii haiendi popote. Mpira hata ukiisha kesho, mimi niko." Nikasikia watu wakicheka gizani, hata wale waliokuwa na hasira. Asubuhi tukajua ni sare. Shemeji alibisha hadi saa nne, akidai bao la pili hakuliona kwa macho yake kwa hiyo si bao, halafu akaenda mwenyewe kuagiza chungu.

Mama yule, katika lugha, ndiye mshikadau. Leo neno hilo limekwenda kukaa kwenye mikutano ya wakubwa, kila mwenye tai ni mshikadau. Lakini neno lina picha ndani yake: mtu anayeaminiwa na pande mbili, ameshika dau lao mkononi, na hana sababu ya kutaka mmoja ashindwe.

Agosti 2025 michuano ya CHAN ilipochezwa Kenya, Uganda na Tanzania, mimi na shemeji tuliweka dau kubwa kuliko yote: jogoo. Kila mtu na jogoo wake, wote wawili wakawekwa kwa mke wangu. Mimi nilisema Harambee Stars watafika mbali kuliko Cranes. Yeye kinyume. Uganda ilipofungwa 3–0 na Algeria mechi ya kwanza nilimpigia simu saa hiyo hiyo. Sikupaswa. Kenya ikaifunga Kongo, ikatoka sare na Angola, na tarehe 10 Agosti, ikiwa na wachezaji kumi tu tangu karibu na mapumziko, ikaifunga Morocco 1–0 pale Kasarani. Nilikuwa Busia, kwenye kibanda cha yule kijana wa chaki, nimevaa koti na bado nilitetemeka, na haikuwa baridi. Waganda waliokuwa ndani walishangilia na sisi. Niliona dereva wa lori mwenye bendera ya Uganda kwenye kofia akimbeba begani mtoto wa Mkenya asiyemjua. Uganda nayo ikajikusanya, ikaongoza kundi lake kama sisi tulivyoongoza letu.

Kisha robo fainali. Ijumaa tarehe 22, Kenya na Madagascar, 1–1, tukatolewa kwa penalti. Shemeji akapiga simu, hakusema neno, alicheka tu nusu dakika nzima. Jumamosi tarehe 23, Uganda na Senegal kule Namboole, 0–1. Nami nikapiga, nikacheka nusu dakika nzima. Hakuna aliyekwenda mbali kuliko mwenzake. Tukamuuliza mke wangu, sasa jogoo ni wa nani? Akasema wote wawili ni wake, amewalisha wiki tatu. Jumapili akawachinja, akaita ndugu wa pande zote, watu wa Tororo wakavuka na ndizi, na ugali wa wimbi na muhogo ukapikwa kwenye sufuria ya harusi.

Nimeyasimulia haya kwa kirefu ili niseme jambo lililo moyoni mwangu.

Nina mpwa wa miaka 20. Mwaka jana alipewa shilingi 14,000 za karo ya chuo. Ziliisha ndani ya siku tisa kwenye kampuni moja ya kubeti, kwa simu, ndani ya blanketi, usiku. Alianza na mkeka wa shilingi 50 wenye timu nane. Timu saba zikaingia, ya nane ikauchana. Akaona alikaribia. Mkeka uliofuata ni wa 200, kisha 1,000, kisha akawa anabeti juu ya timu za nchi ambazo hawezi kuzionyesha kwenye ramani, saa tisa usiku, kwa sababu hizo ndizo zilizokuwa zikicheza. Alipokuja kuniambia alikuwa amekonda. Nilimuuliza, "Ulipokuwa unapoteza, nani alikuwa nawe?" Akasema, "Hakuna mtu, mjomba."

Ndani ya jibu hilo naona kila kitu. Shemeji hawezi kunilia karo ya mtoto. Nikiweka dau la tatu kwa usiku mmoja, mama wa karanga atafunga mkebe aniambie, "Shemeji, leo umetosha, nenda nyumbani." Nikishindwa, aliyenishinda namwona uso, na nilichopoteza nakinywa pamoja naye. Shilingi haikutoka mtaani. Kampuni haina uso, na haichoki, na haisemi umetosha. Inakutumia ujumbe asubuhi kukwambia imekuwekea zawadi.

Serikali zetu zimejaribu. Uganda, kwa sheria yake ya bahati nasibu na michezo ya kubahatisha ya mwaka 2016, inamkataza mtu aliye chini ya miaka 25 kubeti. Kenya umri ni 18. Julai 2019 Kenya ilikataa kuzihuishia leseni kampuni kubwa kadhaa, na kodi imepandishwa, ikafutwa, ikarudishwa. Lakini fikirieni kijana wa miaka 20 hapa Busia. Akiwa Sofia, upande wa Uganda, ni mtoto mbele ya sheria ya huko. Akitembea dakika chache, akapita getini, ni mtu mzima. Na simu yake ina laini mbili, moja ya kila nchi, na zote zinashika akiwa amekaa kwenye benchi moja. Uchunguzi wa GeoPoll wa mwaka 2017 uliwauliza vijana wa nchi kadhaa za Afrika, na Kenya ikaongoza: zaidi ya robo tatu yao walisema wamewahi kujaribu. Hao ni watoto wetu. Nawasihi wabunge wa pande zote mbili, wa kaunti ya Busia, wa wilaya za Busia na Tororo: kaeni pamoja juu ya umri huu, kama mlivyokaa pamoja juu ya kituo cha mpaka. Sheria ya upande mmoja mahali kama hapa ni mlango bila ukuta.

Na wewe mzazi, usimfukuze kijana kwenye mpira. Nenda naye. Mwekee soda juu ya timu yake, umtanie akishindwa, umlipe akishinda, umlipe mbele za watu. Mpwa wangu sasa tunakaa naye benchi moja kila Jumamosi. Mwezi wa kwanza alikuwa anashika simu yake kila dakika, mkono unakwenda wenyewe mfukoni. Sikumsemesha juu ya hilo. Siku moja mama wa chapati alimwomba amshikie mkebe wa madau aende kuchota maji, na mechi ikaanza kabla hajarudi. Kijana alikaa dakika 45 mkebe uko mapajani, mikono yote miwili juu ya kifuniko.

Jumamosi hii ni saa kumi na mbili, msisahau. Shemeji anavuka kutoka Tororo kwa taksi ya saa tisa, mvua ikiruhusu. Mimi nimesema mvua itafika saa kumi, na mpwa wangu amesema haitafika kabisa. Mkebe umeshachukua sarafu zetu.